Kibao Kinachosomwa kwa Kivuli

Ndani ya msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa kisiwa cha Unguja, yamo maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe mwaka 500 wa Hijria, sawa na mwaka 1107. Jengo lenyewe lilijengwa upya kwa sehemu kubwa katika karne ya 18, watawala wamekuja na kuondoka, lugha ya dola imebadilika zaidi ya mara moja, na maandishi yale bado yanasomeka. Wino ungekuwa umefutika, rangi ingekuwa imebanduka. Yamebaki kwa sababu fundi aliliondoa jiwe pembezoni mwa kila herufi, akaiacha herufi imesimama pamoja na kivuli chake. Toka hapo ushike njia ya mjini, kisha uvuke bahari hadi Dar es Salaam au Mombasa, utazame mabango ya turubai la plastiki yaliyotundikwa juu ya maduka. Mengine yamepauka hadi nambari ya simu haionekani, mengine yamechanika pembeni na yanapigwapigwa na upepo, mengine yamebandikwa juu ya yaliyotangulia kama viraka vya kanzu. Pwani iliyochonga herufi miaka mia tisa iliyopita leo inazichapisha, na haichukui muda kabla ya kuzichapisha tena. Imekuwaje?

Jibu la haraka ni bei: turubai ni rahisi, kibao cha kuchonga ni ghali, basi. Jibu la pili, linalopendwa na wenye huzuni ya mambo ya kale, ni kwamba mafundi wamekwisha. Majibu yote mawili yana ukweli kidogo na upotoshaji mwingi. Mafundi wapo. Wachongaji wa milango wapo Lamu na Unguja, kijiji cha Mwenge jijini Dar es Salaam kimejaa wachongaji wa mpingo, na pale Changamwe, Mombasa, ushirika wa wachongaji wa Kikamba unafanya kazi tangu mwaka 1963. Mikono hiyo inaweza kutoa twiga mwenye shingo nyembamba kama kalamu au kinyago cha ujamaa cha Kimakonde chenye watu ishirini waliopandana. Wape ubao na jina la mgahawa, hata hivyo, na mara nyingi utapata nakshi safi pembeni na katikati herufi zilizobanana upande mmoja na kuachana upande mwingine, zilizonakiliwa kutoka kwenye kompyuta ya jirani. Hoja yangu ni kwamba tunachokosa ni herufi. Mchongaji na mwandishi wa herufi, ambao zamani walikuwa wakifanya kazi kwa jicho moja, walitenganishwa, na kibao cha kuchonga hakitarudi barabarani mpaka wawili hao wakutane tena kwenye meza moja ya karakana.

Ili kuliona hilo ni lazima kwanza tujue kibao cha namna hii kinafanya kazi gani ambayo bango bapa haliwezi. Bango bapa linatofautisha herufi na mandhari yake kwa rangi tu. Kibao chenye kina kinatofautisha kwa mwanga. Chukua mfereji wa umbo la V, ambao ndio msingi wa herufi za kuchimba. Shavu moja la mfereji linapokea jua na kung'aa, shavu la pili linaingia gizani, na mstari mkali unaokutanisha mashavu hayo chini ndio ambao jicho la msomaji huufuata. Mfereji wenye upana wa sentimita 1, ukikatwa kwa pembe ya digrii 90, unashuka nusu sentimita tu. Ukikatwa kwa digrii 60, unashuka karibu milimita 9. Tofauti ya milimita 4 inaonekana ndogo hadi uvitundike vibao viwili ukutani: cha kwanza kinaonekana kimekwaruzwa, cha pili kimeandikwa. Katika herufi O mwanga unazunguka, ukianza angavu upande mmoja na kuzama giza upande wa pili, na jua likisogea herufi nayo inasogea. Ndiyo maana hesabu ya kwanza katika karakana inapaswa kuwa ya mahali jua litakapotokea, kabla ya mazungumzo yoyote ya rangi.

Hapa jiografia imetupendelea kuliko tunavyojua. Mombasa iko digrii 4 kusini mwa Ikweta, Unguja digrii 6, Dar es Salaam karibu 7. Saa sita mchana jua liko utosini au karibu yake, na mwanga unateremka ukikwaruza ukuta badala ya kuupiga usoni. Mwanga wa aina hiyo ndio unaokuza kila mkunjo, kila ukingo na kila shimo. Herufi iliyoinuka sentimita 2 inaangusha chini yake kivuli kirefu kuliko unene wake wenyewe, wakati ule ule ambao bango la plastiki lililo jirani linameremeta bila kusomeka. Lakini si kila ukuta una bahati hiyo, na fundi asiyeuliza kibao kitatazama wapi anabahatisha. Unguja, ukuta unaotazama kusini hupata jua la adhuhuri kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, na miezi inayobaki unakaa kivulini. Vichochoro vya Mji Mkongwe navyo havipati jua ila kwa dakika chache. Pale mwanga umetawanyika, mashavu yote mawili ya mfereji yanafanana, na kuchimba peke yake hakutoshi.

Mahali kama hapo ndipo karatasi ya dhahabu inapopata haki yake. Watu huidhania ni anasa, ilhali unene wake ni kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, na dhahabu inayoingia katika jina la duka ni chembe tu. Kazi yake si kuonesha utajiri. Rangi ya njano kivulini inakuwa kahawia, lakini dhahabu ni metali, na metali laini inachukua hata ule mwanga kidogo wa mbingu unaopenya kati ya paa mbili na kuurudisha kwa mpita njia. Kwa kazi ya nje hutumika ya karati 23, kwa kuwa iliyochanganywa zaidi na shaba au fedha hubadilika rangi. Haipakwi vanishi juu, maana vanishi huifubaza kisha hubanduka nayo. Mtu anayeijua tabia hiyo anaweza kuamua kwa akili: ukuta wa jua, chimba kwa kina na uache mbao au rangi moja, ukuta wa kivuli, chimba kwa kiasi na utie dhahabu. Huo ni usanifu. Kuvirundika vyote kwenye kila kibao kwa sababu vinapendeza ni mapambo tu, na mapambo ndiyo yanayokifanya kibao kiwe ghali bila kukifanya kisomeke.

Nirudi kwenye herufi. Edward Catich alikuwa padri Mmarekani, na kabla ya upadri aliwahi kujipatia riziki Chicago kwa kuandika mabango kwa brashi. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1968 alitetea kwa ushahidi kwamba maandishi maarufu yaliyo chini ya Nguzo ya Trajan huko Roma, ya mwaka 113, hayakubuniwa kwa patasi. Yaliandikwa kwanza juu ya jiwe kwa brashi bapa, na unene na wembamba wa mistari yake, hata vile vimikia vya mwisho wa herufi, vilitokana na mgeuko wa brashi mkononi. Patasi ilikuja nyuma kuyapa kina. Wataalamu wengi waliyatazama maandishi hayo kwa karne nyingi, na ikahitaji mtu aliyewahi kuandika mabango ya maduka kulieleza jambo hilo kwa ukamilifu. Somo lake kwa karakana ni la moja kwa moja. Umahiri wa patasi haumfanyi mtu kuwa mjuzi wa herufi, kwa sababu herufi huzaliwa katika mwandiko. Mchongaji asiyewahi kuandika herufi kubwa kwa brashi hadi mkono ukazoea, anachonga umbo asilolielewa, kama mtu anayekariri shairi la lugha asiyoijua.

Mafundi wa Pwani walilijua hilo kwa njia yao. Mlango wa nakshi wa Unguja au Lamu ulikuwa ndio kibao cha nyumba. Mpita njia aliusoma: minyororo, samaki, mitende na mayungiyungi kwenye miimo, mfaa katikati, na juu, penye kizingiti, mara nyingi aya au jina la mwenye nyumba pamoja na mwaka. Maandishi hayo yalikuwa ya hati ya Kiarabu, ambayo herufi zake zinashikana mikono. Neno ni mnyororo mmoja, linavutika na kubanwa bila kuvunjika, na mwandiko wake ulifundishwa kwa heshima kama elimu, kwa kalamu ya mwanzi, tangu utotoni madrasa. Mchongaji alikuwa amezungukwa na watu wanaojua mwandiko mzuri ni upi. Kisha ukaja utawala wa kikoloni, shule zikafundisha hati ya Kilatini, na ile Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilipoanza kusanifisha Kiswahili, ilikisanifisha kwa hati hiyo. Faida zake hazina ubishi. Lakini hati mpya ilifika ikiwa ya chapa na ya ofisini. Haikuja na mwalimu wa mwandiko wa kuchongwa. Wachongaji wakabaki na maua na minyororo, na jina la duka likaangukia kwa fundi wa brashi na kopo la rangi ya mafuta.

Mafundi wa brashi, ni haki wasifiwe, walijijengea shule yao wenyewe mitaani. Vinyozi, gereji na mabucha ya Afrika Mashariki yana maandishi ya mkono yenye kivuli cha kuchorwa, herufi zenye matumbo na mikia, na rangi zisizoogopana. Kivuli hicho cha kuchorwa ni ushahidi mzuri sana: kinaonesha kwamba macho ya wateja yalikuwa bado yanadai kina, na fundi, kwa kuwa hakuwa na patasi, akakiigiza kwa brashi. Mtengano huo wa patasi na brashi hatimaye ukaingia hata darasani. Katika vyuo vya ufundi vya VETA nchini Tanzania, useremala ni fani moja, na upakaji rangi pamoja na uandishi wa mabango ni fani nyingine. Anayejua nyuzi za mbao hafundishwi umbo la herufi, na anayejua umbo la herufi hafundishwi kunoa patasi. Ilipokuja mashine ya kuchapa turubai ilimkuta kila mmoja peke yake, na mwandishi wa mabango ndiye aliyesombwa kwanza.

Kwa nini herufi za Kilatini ziwe ngumu kiasi hicho? Kwa sababu kila moja inasimama peke yake, na nafasi iliyo kati yake na jirani yake ni sehemu ya neno sawa na mstari wenyewe. Kiswahili kina mitego yake hapa. Chukua neno MGAHAWA. Herufi saba, tatu kati yake ni A, ambayo ni pana chini na tupu juu. Kati ya H na A linabaki pengo la pembetatu juu. Kati ya A na W miteremko miwili inakwenda sambamba, kwa hiyo zinaweza kusogezwa hadi karibu ziguse na bado jicho lisilalamike. Anayepima nafasi sawa kwa rula atatoa neno lililopasuka vipande. DUKA LA DAWA lina tatizo hilo hilo. Na yule mwenye bucha anayetaka NG'OMBE amemletea fundi kile kijialama cha juu, ambacho kwenye karatasi ni kitu kidogo, lakini kwenye ubao kinadai nafasi ya herufi nzima na kuacha shimo chini yake. Fundi mzuri atakiinua kidogo, atakinenepesha, na kuiingiza O chini ya kivuli chake. Programu ya kompyuta haitafanya hivyo yenyewe. Vipimo vya nafasi katika aina nyingi za herufi vimepangwa na watu waliokuwa na maneno ya lugha nyingine akilini. Kwenye turubai kosa hilo litakaa hadi turubai lifuatalo. Kwenye mti litakaa miaka ishirini.

Mti nao una maneno yake. Mbao haipanuki kwa urefu kiasi cha kuonekana, lakini kwa upana, kukatisha nyuzi, inavimba masika na kunywea kiangazi. Ubao uliobanwa ukutani kwa skrubu zilizokazwa pande zote hauna pa kukimbilia, kwa hiyo unapasuka, na aghalabu unapasuka kwenye herufi kwa kuwa ndipo palipochimbwa. Dawa yake ni tundu refu badala ya tundu la duara kwa skrubu za pembeni, na mwanya nyuma ya ubao ili upepo upite na maji ya mvua yasikae. Mistari ya herufi inayokwenda sambamba na nyuzi, kama vile mikono ya E na F, ndiyo ya hatari, kwa sababu patasi inapenda kuzifuata nyuzi na kuzichana mbali kuliko ulivyokusudia. Mistari ya wima inakata nyuzi na inavumilia, mradi patasi ni kali. Mninga unapendwa kwa kuwa hauhangaiki sana hewa inapobadilika, msaji kwa mafuta yake yanayokataa maji na mchwa, mvule kwa ugumu wake mbele ya wadudu. Mpingo, pamoja na sifa zake zote, ni mzito, mdogo na mgumu mno kwa kazi hii, uachiwe wachonga vinyago. Rangi ipakwe nyembamba, tabaka kwa tabaka, kwani rangi nzito inajaza ule mstari wa chini wa mfereji na kuua kivuli kilichokaa siku tatu kikichimbwa. Na chumvi ya bahari haina msamaha: msumari wa kawaida utalia machozi ya kutu juu ya kibao kabla ya mwaka kwisha, kwa hiyo skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu au za shaba.

Sasa tuijibu hoja ya bei kwa uaminifu. Tuseme kibao cha kuchonga kinagharimu mara nane ya turubai la ukubwa huo huo, na turubai linahimili miaka miwili kwenye jua la Pwani. Kibao kitarudisha pesa yake katika mwaka wa 16. Kwa kinyozi aliyekodi chumba kwa mkataba wa mwaka mmoja hesabu hiyo ni ya kichekesho, na anayemshauri achonge anamtakia hasara. Lakini hesabu ina kasoro ndani yake: ukubwa huo huo. Bango bapa hulazimika kuwa kubwa kwa sababu halina kingine cha kulitofautisha na majirani. Kibao chenye kina kinaweza kuwa robo ya ukubwa huo na bado kikashika jicho. Ada za matangazo, kwa kawaida, hutozwa kwa kuangalia eneo la uso wa bango, kina hakilipiwi. Jiji la São Paulo nchini Brazili lilipoanza kutekeleza sheria yake ya kusafisha mandhari mwaka 2007, duka lenye upana usiofika mita 10 lilibakiwa na haki ya mita 1.5 za mraba tu. Eneo likishabanwa hivyo, ushindani wa ukubwa unakwisha na ushindani wa ubora ndio unaobaki. Miji yetu ingeweza kujifunza hapo hata bila kupiga marufuku chochote, kwa kupunguza tu ada kwa kibao kidogo na kuipandisha kwa turubai kubwa.

Hoja ya pili ni mashine. Kwa nini mtu ashike patasi siku tano wakati mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta inamaliza kwa saa chache? Sina ugomvi na mashine. Iondoe mbao nyingi za mandhari, ikate ubao, ifanye ile kazi ya punda. Tatizo ni kwamba mashine inatii mchoro, na tumeona mchoro unatoka wapi. Jino la mashine ni la mviringo, kwa hiyo pembe za ndani za herufi iliyoinuka zinabaki butu mpaka mtu azikate kwa mkono. Na kwa kuwa mashine haichoki, inamshawishi mbunifu kuchonga kila kitu kwa kina kimoja, na kina kimoja kila mahali ni ubapa kwa jina jingine. Kibao kizuri kina ngazi: jina limeinuka zaidi, nembo inafuata, mpaka wa pembeni umechimbwa kidogo. Uamuzi huo ni wa mtu anayejua jua. Anayemiliki mashine bila kujua herufi atazalisha kwa wingi makosa yale yale ambayo mwenye patasi alikuwa akiyafanya moja moja.

Ipo pia hoja ya misitu, na ni nzito. Mninga umevunwa kupita kiasi katika sehemu nyingi za miombo, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya mpingo na jamaa zake imewekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES. Karakana za Marekani na Canada zilikwishahamia kwenye povu gumu la yurethani, ambalo halivimbi, halipasuki na haliozi. Lile linalotumika sana lina uzito wa kilo 240 hivi kwa mita ya ujazo, wakati msaji unazidi kilo 600. Kwa fundi wa huku povu hilo ni la kuagizwa kutoka ng'ambo, nalo likifika mwisho wa maisha yake ni takataka ya plastiki kama turubai. Msaji wa kupandwa upo karibu zaidi: mashamba ya Longuza wilayani Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro yamekuwa yakiutoa kwa miongo mingi. Kibao kidogo kinakula ubao mmoja au miwili. Anayetaka kulinda miti na aanze na mkaa.

Wengine watasema mteja wa leo yuko ndani ya gari na hana muda wa kutazama vivuli. Kweli kabisa. Kanuni ya kawaida ya wasanifu wa vibao ni sentimita 2.5 za urefu wa herufi kwa kila mita 3 za umbali ili isomeke kwa urahisi. Kwa hiyo anayetaka kusomwa kutoka mita 60 anahitaji herufi za nusu mita, na kuzichonga hizo kwa mkono ni kujitesa. Barabara ya Bagamoyo au ile ya Mombasa kwenda Malindi ni ya mabango makubwa, na tangazo la ofa ya wiki moja ni la turubai. Kibao cha mkono ni cha mtaa wa miguu. Barabara ya Getreidegasse huko Salzburg, Austria, ni nyembamba kama vichochoro vyetu, na kwa kuwa mpita njia haoni ukuta ila kwa pembeni, vibao vyake vya chuma kilichofuliwa vimening'inizwa vikitokeza juu ya njia. Lamu na Mji Mkongwe vina sababu hiyo hiyo ya kufanya hivyo, kwa tahadhari: mwaka 1718 kibao kizito cha kuning'inia jijini London kilianguka na sehemu ya mbele ya nyumba na kuua watu wanne, na katika miaka ya 1760 vibao vya namna hiyo vikaamriwa kuondolewa. Mkono wa chuma wa kubebea kibao unahitaji hesabu ya uzito na ya kaskazi.

Hoja ninayoiona kuwa kali kuliko zote ni ile isemayo kwamba jambo hili ni la watalii. Kibao cha kuchonga, wanasema, ni cha hoteli yenye jina la Kiingereza na bei za dola, na kukitetea ni kutetea mapambo ya wageni. Nakubali kwamba hatari ipo. Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 kuchora kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya mbao za kubandika, vitu vilivyopatikana dukani Dar es Salaam, na sanaa aliyoianzisha iliishia kumtegemea mnunuzi anayepita na ndege. Uchongaji wa vinyago ulipita njia hiyo hiyo, na watalii wasipokuja karakana zinakaa kimya. Lakini kibao kina tabia ambayo kinyago hakina: hakipakiwi kwenye begi. Kinatundikwa, kinasomwa na watu wa mtaa huo, kwa lugha ya mtaa huo, kila siku. Mnunuzi wake wa kweli ni shule iliyofikisha miaka 50, ushirika wa wakulima, msikiti, parokia, ofisi ya wakili, duka la dawa lililorithiwa kutoka kwa baba, taasisi zinazojua kwamba mwaka ujao zitakuwepo pale pale. Hizo ndizo zinazochapisha turubai upya kila mara, na hizo ndizo zenye uwezo wa kumpa mchongaji kazi isiyotegemea msimu wa ndege.

Mabadiliko yanayohitajika si makubwa. Chuo chenye fani zote mbili chini ya paa moja kinaweza kuwaweka waseremala na waandishi wa mabango katika chumba kimoja kwa muhula mmoja, waandike kwa brashi bapa kwanza na kuchonga walichokiandika wenyewe. Ushirika wa wachongaji unaweza kumwalika fundi wa brashi wa mtaani, mmoja wa wale ambao turubai limewanyang'anya kazi, afundishe nafasi za herufi kabla hajazeeka na ujuzi wake.

Na wewe mwenye duka au mwenye shule, utakapokwenda karakana, usianze na bei ya kibao kizima. Mwombe fundi akuchongee herufi mbili tu za jina lako, A na W ikiwa unazo, kwenye kipande cha ubao ule ule, umlipe kwa hizo. Zipeleke pale ukutani kitakapokaa kibao, uzitazame saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na moja jioni. Zikisomeka nyakati zote tatu, mpe kazi. Zisiposomeka, mrudie, mkae chini mzungumze juu ya kina.